Masaa ya Nyota ya Birava

Cimpunda, Bukavu, Jumamosi asubuhi

Kwa Papa Venant, Nyantende

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote, wewe na Maman Bibiane na wote mlioko hapo nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha. Na goti la Maman, je? Nimesikia ameanza tena kupanda shambani kwa mguu, na daktari alimwambia apumzike. Mwambie maharage hayatakimbia. Huku sisi sote tu wazima. Didier yuko na mitihani ya wanafunzi wake, anasahihisha hata wakati wa kula. Mjukuu wako Sagesse ameng'oka jino la pili, na pengo lake anamwonyesha kila anayepita, hata wauza makaa. Mvua ilibeba tena ngazi ya udongo mbele ya nyumba, lakini nyumba yenyewe imesimama, tunamshukuru Mungu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati Nyantende si Kinshasa. Kweli, ningepanda taksi nikafika kabla chai haijapoa. Lakini Papa, neno hili nimekuja nalo kwako mara nyingi, na kila mara nimelirudisha Bukavu pamoja na mihogo mliyonipa. Nikikuona usoni, mdomo unafunga. Simu nayo, unajua mwenyewe unavyoiweka kwenye haut-parleur hata mbuzi wanasikia. Kwa hiyo nimemwomba dada Joviale akuletee barua hii mkononi. Uisome peke yako kwanza, halafu umsomee Maman ukipenda.

Habari ya kwanza ni njema. Nyota ya Birava imerudi ziwani siku ya Alhamisi, na tumboni mwake halimo tone la maji. Tafadhali, usiikunje barua. Najua tangu ulipoacha kazi hutaki mtu akutajie chantier ya kutengenezea boti wala boti yoyote, na mimi kwa miaka hii sita nimekuheshimu, nikija kwenu nasimulia mambo ya soko na ya parokia tu. Leo univumilie.

Ndiyo, ni boti ile ile. Miaka kumi na miwili iliyopita wewe uliikadiria masaa ya kubadilisha mabati ya tumbo na mabomba, na chef Lucien akairusha karatasi yako mezani, akasema mbele ya watu kwamba umezidisha masaa mara mbili ili kuwalisha vijana wako. Ulivua kofia ya kazi, ukaiweka juu ya karatasi ile, ukatoka bila kuuliza swali hata moja. Hivyo ndivyo ulivyo, Papa, na sikulaumu. Mtu mwenye haki anaona kuuliza ni kuomba. Kazi wakapewa watu wengine waliosema wataimaliza kwa nusu ya siku zetu.

Jambo ambalo sijawahi kukuambia ni hili: tangu siku ile jina lako limekuwa msemo. Mtu akichelewa, akasema alipanga foleni masaa matano, wenzake wanamjibu, "Iyo ni hesabu ya Venant." Wanasema hata mbele yangu, halafu wanakumbuka mimi ni nani, wanaangalia chini. Nami nimekaa miaka sita kwenye kiti chako, nikifanya kazi yako, nikisikia hivyo na kucheka kidogo ili wasione ninavyoumia. Kwa hiyo boti ilipovutwa tena juu ya reli mwezi wa nne, nilijua jina lako limepanda pamoja nayo. Nikikosea kidogo, msemo ule utapata mtoto.

Tuliombwa makadirio mawili. Hugues, ingénieur wetu mpya, si mtu mbaya, ana ordinateur ambayo ukiipa kilo za chuma na mita za bomba inakupa masaa kabla hujakaa vizuri kitini. Ilimpa mia nne na kumi. Mimi nilivaa kombineshen, nikachukua taa na nyundo, nikaingia kwa lile tundu la sakafuni kama ulivyonifundisha nilipokuwa msichana. Ulikuwa unasema masaa hayahesabiwi kwenye bati, yanahesabiwa kwenye mwili wa mtu: ataingiaje, atalala kwa ubavu gani, mkono gani utashika kifaa, hewa atavuta wapi, na nani atasimama nje na ndoo ya maji kulinda moto. Nilitambaa kutoka mbele hadi nyuma, siku mbili nzima. Nilipotoka Didier alikataa kunisogelea mpaka nioge mara tatu.

Papa, nilichokuta mle chini kingekukasirisha. Wale watu wa nusu ya siku hawakutoa bati lolote. Walibandika bati jipya juu ya bati bovu, na mahali ambapo hata kubandika kulishindikana walimimina saruji, nene kama tofali. Nilipogonga, nyundo ilijibu kama mtu anayegonga ukuta wa kanisa. Boti imebeba watu wa Birava na wa Idjwi miaka yote hiyo juu ya saruji. Bomba la kutoa maji ya chini linapita nyuma ya mashine, mahali panapoingia mkono mmoja tu, na kila skrubu imeshikana na kutu, lazima ikatwe moja moja. Nilihesabu upande wa kuume peke yake na wa kushoto peke yake, maana wa kuume, chini ya jiko, umeoza kuliko mwenzake. Nikapata masaa mia sita na sabini, nikaongeza tisini ya kuvunja saruji. Jumla mia saba na sitini.

Chef Lucien alisoma, akaniangalia juu ya miwani yake, akasema kama baba, kama mtoto. Walicheka. Mtu wa mwenye boti akasema yeye anachukua ya ordinateur, kwa sababu ordinateur haina ndugu wa kulisha. Hapo aliyesimama ni Jean-de-Dieu, rafiki yako, ambaye sasa ni mkubwa wa wachomeleaji wote. Alisema kwa mia nne na kumi hatamtuma mtu mle chini, kwa sababu sote tunajua masaa yakiisha kinachokatwa ni nini: ni épreuve. Bomba linafungwa, hakuna anayelijaza maji kwa nguvu kuona kama linavumilia, na kasoro inakuja kugunduliwa na abiria katikati ya ziwa. Chef akakubali hesabu yangu, lakini kwa sharti. Kila siku Jean-de-Dieu ataandika masaa kwenye ubao karibu na mlango, kila mtu ayaone. Yakizidi, au yakipungua sana, nitarudisha kiti na nitatafuta kazi nyingine.

Wiki ile ya kwanza nilikonda. Saruji ilikula masaa mia na manne badala ya tisini. Wengine walianza kuniuliza kwa upole kama Nyantende kuna shamba la kutosha watu wawili. Mabati yakaenda vizuri, siku tatu mfululizo tulibaki ndani ya hesabu. Kisha wakafungua bomba la nyuma ya mashine, wakakuta limefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi, tabaka juu ya tabaka. Hugues alikuja mbio kuniambia tumekwisha. Nilimwonyesha kwenye karatasi yangu: masaa kumi na nne, bomba la nyuma, kuna kitu kimefichwa. Sikujua ni mpira, lakini nyundo ilikuwa imeniambia kuna uongo pale. Tangu siku ile Hugues ananiita Maman Nyundo, na ameomba nimfundishe kugonga.

Siku ya épreuve walifunga njia zote, wakasukuma maji ndani ya mabomba, tukasimama kuitazama sindano ya kipimo. Nusu saa, Papa. Sindano haikusogea. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Hugues. Alhamisi boti ikateremka, ikakaa juu ya maji wima, na Jean-de-Dieu akaandika jumla ubaoni: mia saba hamsini na mbili. Nilikuwa nimesema mia saba na sitini. Nilikaa juu ya gunia la mchanga nikalia mbele ya wanaume wote wale, na sikuona haya.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningekupigia simu tu, nawe ungeiweka kwenye haut-parleur na mbuzi wangefurahi. Haikuishia hapo.

Jioni ile ile chef Lucien alituita ofisini, watu kama kumi, ili anipongeze. Unakumbuka kila boti ina faili lake kwenye kabati analolifunga kwa ufunguo. Alitoa faili la Nyota ya Birava ili aweke karatasi yangu, na ndani yake, juu kabisa, palikuwa na yako. Mimi miaka sita nilijua iko mle. Sikuwahi kuomba ufunguo. Aliisoma, akaiweka kando ya yangu, akaita watu wasogee. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema, unisamehe: "Muone. Mutoto: sept cent soixante, na béton ya saruji ndani. Baba: mille deux cent quatre-vingts, bila béton. Boti ni moja! Mutoto anahesabu muzuri kupita baba yake. Njo nilisemaka, ule muzee alitaka kuiba masaa." Akaninyooshea mkono.

Jean-de-Dieu aliinamisha kichwa. Miaka kumi na miwili amekutetea mbele yao bila ushahidi, na sasa ushahidi ulikuwa mezani, na ulikuwa kazi yangu mimi. Hesabu yangu nzuri ndiyo iliyokuwa inakuzika.

Papa, sasa umeshika kichwa, unauliza elfu moja mia mbili na themanini imetoka wapi. Wewe hukuandika kamwe idadi hiyo. Katika daftari lako uliandika mia sita na arobaini. Aliyeizidisha ni mimi.

Unakumbuka wiki ile ulikuwa umelala na malaria. Ulinipa daftari niende kuliandikisha kwa mashine pale secrétariat public, kwa sababu chef alitaka karatasi safi. Nilikuwa nimemaliza shule ya ufundi miezi miwili tu kabla ya hapo. Kule walitufundisha kwamba boti ina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo unapima upande mmoja, kisha unazidisha kwa mbili. Nikaona katika daftari lako hakuna mahali ulipozidisha. Nikasema, maskini Papa, homa imemfanya asahau upande wa pili. Nilikuhurumia. Hapana, niseme ukweli wote: nilijiona mwenye akili. Nilizidisha kila mstari kwa mbili, mabati, mabomba, sakafu, vyote. Sikukuuliza, nikasema nitakuepusha na aibu. Sikujua kwamba wewe hutambaa pande zote mbili na kuhesabu kila bati mahali lilipo. Nilikuletea kitandani, nawe ukasaini ukitetemeka, bila kusoma, kwa sababu imeandikwa na binti yako aliyesoma.

Uliporudi siku ile bila kofia, Maman alikuuliza ulikuwa umehesabu masaa mangapi. Ulisema, ukivua viatu mlangoni, mia sita na arobaini, kushoto na kulia, haki tupu. Mimi nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Nilijua saa ile ile, Papa. Nikatoka kwenda kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa. Sikusema siku ile kwa woga. Mwaka uliofuata sikusema kwa sababu mwaka mmoja ulikuwa umepita. Baadaye nikaolewa, nikapata mtoto, nikapata kiti chako, na kila nilichopata kilikuwa sababu mpya ya kunyamaza. Ulipokasirika nilipoajiriwa pale, ukakaa miezi mitatu bila kunisemesha, mimi nilikuwa najua nastahili hata zaidi, kwa jambo lingine usilolijua. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na sifa.

Mkono wa chef sikuushika. Nilimwambia mbele ya wote: "Chef, papa haakuandika ile. Njo miye nilizidisha, na sikumuambia. Yeye alihesabu six cent quarante." Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akaniuliza, "Iko kweli, Eulalie?" Nikaeleza yote, kama nilivyokueleza hapa, mpaka pipa lililojaa. Hugues alivuta karatasi ya zamani akaanza kugawa kila mstari kwa mbili, na akaulinganisha na mstari wangu wa mwaka huu. Kila mahali hesabu yako na yangu zilikaribiana, yangu imezidi kidogo kwa kutu ya miaka kumi na miwili. Jean-de-Dieu aliketi chini bila kutafuta kiti, akasema neno moja tu, jina lako, akalirudia.

Chef Lucien alivua miwani. Kisha alisema yeye ndiye alikuwa mkubwa, na mkubwa anayerusha karatasi kabla ya kuuliza hana tofauti na mlevi. Lakini hakunisamehe hivi hivi. Alisema nimemwacha mtu mwaminifu ale aibu iliyopikwa na mimi, na kila mwezi nimepokea mshahara kwenye kiti chake. Ni kweli, na nimeyapokea maneno hayo. Kiti hakuninyang'anya. Sijui kama msemo ule utakufa, maana maneno ya kazini hayafi kwa siku moja, lakini jana kutwa sikuusikia.

Sasa nakuomba msamaha, Papa, wewe kwanza, na Maman ambaye aliuza kitenge chake cha ndoa mwaka ule ulipobaki bila mshahara. Sikuombi unisamehe leo. Kama utakaa tena miezi mitatu bila kunisemesha, nitahesabu siku na sitalalamika. Lakini nikuambie jinsi nilivyo, kwa sababu hujawahi kunifundisha kukudanganya. Hilo nilijifunza peke yangu. Nimefarijika. Tangu Alhamisi nakula, naimba jikoni, hata Sagesse ameniuliza nina sikukuu gani. Naogopa hasira yako kuliko kitu chochote, na hata hivyo kifua changu ni chepesi.

Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, chef Lucien na Jean-de-Dieu watakuja Nyantende. Chef anataka kukuambia kwa mdomo wake, mbele ya majirani wako, kama alivyokutukana mbele ya wenzako. Mimi nitakuwa nyuma yao. Ukitaka kuwapokea wao bila mimi, mwambie Joviale, nami nitasubiri barabarani.

Msalimie Maman sana, na shangazi, na wale wa ng'ambo ya mto, na padri ukimwona. Didier anakusalimu kwa heshima, Sagesse anasema babu amwekee mahindi mabichi. Mungu awalinde wote mpaka tutakapoonana.

Chef ameagiza karatasi yako iandikwe upya kwa ajili ya faili, na ameniamuru niiandike mimi. Nimeweka kila mstari kama ulivyokuwa kwenye daftari lako, jumla mia sita na arobaini, na mahali pa sahihi yako nimepaacha wazi. Watakuletea na kalamu. Safari hii, Papa, nakusihi, usisaini mpaka umeisoma yote.

Ni mimi binti yako,

Eulalie